GESI YA KIYOYOZI CHA GARI HAIISHI KAMA DIZELI

Mazungumzo haya yalitolewa na Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo cha jioni katika kijiji kimoja cha bonde la Kilombero. Wengi wao ni wanachama wa kikundi cha wakulima wa mpunga. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

 

Niliombwa niseme nanyi juu ya kazi ya kusoma na kuandika baada ya mtu kuhitimu. Nami nimechagua kusema juu ya gari. Naona mzee wangu pale anacheka. Anajiuliza, mwalimu na gari wapi na wapi? Subiri kidogo, mzee wangu. Tutafika.

Wote mnaijua pikapu ya kikundi, ile Hilux nyeupe ya milango minne. Ilitengenezwa mwaka 1999, na kikundi kiliinunua ikiwa imeshatumika. Inabeba mpunga, inabeba mbolea, na siku ikiwa mbaya inabeba mgonjwa kwenda Ifakara. Injini yake bado nzima. Lakini kiyoyozi chake, kile ambacho madereva wanakiita AC, kimewasumbua karibu mwaka mzima. Kimekula fedha. Mwishowe mkaambiwa mnunue kompresa nyingine, shilingi 450,000. Na fedha iliyokuwapo sandukuni ilikuwa ya mbegu.

Nilikuwapo kwenye kikao kile cha mwezi wa Oktoba, nimekaa nyuma. Walisema wengine, "Tukiache kife. Gari ni injini na magurudumu. Ubaridi ni mambo ya wakubwa." Maneno hayo si ya kipuuzi. Mimi mwenyewe nilikaribia kukubali.

Ndipo akasimama mama mmoja, naye yupo hapa leo. Alisema binti yake alijifungua kwa kupasuliwa, na pikapu ikaenda kumchukua hospitalini. Njiani wakafungua vioo. Vumbi likaingia mpaka mtoto mchanga akaanza kukohoa. Wakafunga vioo. Ndani pakawa kama tanuri, na binti mwenye kidonda kibichi akazimia. Ikabidi wasimame chini ya mwembe mpaka jua lilipoanza kushuka. Mama yule alimaliza kwa kusema, "Sisi si wakubwa. Lakini joto hilo tumelijua."

Baada ya hapo hakuna aliyesema tena habari ya anasa.

Basi swali likawa moja tu. Je, kweli kompresa imekufa?

DAFTARI LA MAMA MTUNZA HAZINA

Mama mtunza hazina wetu alijifunza kusoma akiwa na miaka 46. Tangu ahitimu ana tabia moja, kila fedha inayotoka anaiandika, na kando yake anaandika ilitoka kwa sababu gani. Katika kikao kile alifungua daftari akasoma. Nami niliomba ruhusa ya kuyanakili maneno yake ubaoni. Ni haya:

Machi 4, tumejaza gesi ya AC, 60,000.
Juni 6, dereva asema AC inatoa joto.
Juni 10, tumejaza gesi, 60,000.
Julai 15, joto tena.
Julai 19, tumejaza gesi, 60,000.
Julai 30, joto.

Nikawaambia wanakikundi, hebu tuhesabu siku. Gesi ya kwanza ilikaa siku 94. Ya pili ilikaa siku 35. Ya tatu ilikaa siku 11. Kila mara siku zinapungua. Hesabu hii ni ya kutoa tu, mliyojifunza darasani. Na hesabu hii ilituambia jambo ambalo gereji ile haikutuambia mara zote tatu tulipolipa.

Ndugu zangu, shikeni jambo hili moja hata kama mengine yote mtayasahau. Gesi ya kiyoyozi hailiwi. Dizeli inaungua kwenye injini, ndiyo maana unanunua nyingine. Gesi ya kiyoyozi haiungui. Inazunguka mle mle ndani ya mabomba, inakwenda na kurudi, mwaka hadi mwaka. Gari kuukuu linaweza kupoteza kidogo kidogo kwenye mipira kwa miaka mingi. Lakini ikiisha kwa miezi mitatu, basi pana tundu. Ikiisha kwa siku 11, tundu limepanuka. Kumimina gesi nyingine bila kuziba tundu ni kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Shilingi 180,000 za kikundi zilipotea hewani kwa njia hiyo.

BARIDI INATOKA WAPI?

Ili mtu asidanganywe ni lazima ajue kidogo chombo kinavyofanya kazi. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto lililomo ndani ya gari na kwenda kulimwaga nje.

Mambo mawili mnayajua tayari nyumbani. La kwanza ni mtungi wa udongo. Mtungi hutoa jasho, jasho likikauka linaondoka na joto, na maji yanabaki baridi. La pili ni pampu ya baiskeli. Ukipampu kwa nguvu, shika sehemu ya chini ya pampu. Ina moto. Kwa nini? Kwa sababu hewa ikibanwa inapata joto.

Sasa unganisheni hayo mawili. Kompresa ni kama pampu ya baiskeli. Inazungushwa na injini kwa mkanda, nayo inabana gesi. Gesi inatoka hapo ikiwa ya moto sana. Inakwenda mbele kabisa ya gari, kwenye rejeta ya AC, ile iliyosimama mbele ya rejeta ya maji. Upepo unaipuliza, inapoteza joto lake, inageuka kuwa maji maji. Kisha inapita kwenye kichupa kinachonyonya unyevu. Halafu inapenyezwa kwenye tundu dogo sana na kuingia katika rejeta ya ndani, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hapo ina nafasi, haibanwi tena. Inachemka na kuwa gesi upya. Ili ichemke inahitaji joto, na inalichukua kwenye hewa ya ndani ya gari. Ni jasho la mtungi hilo. Feni inapuliza hewa iliyopoa inakuja usoni kwako, na gesi inarudi kwa kompresa kuanza safari nyingine.

Msishangae kusikia kitu kinachemka kikiwa baridi. Gesi ya pikapu yetu, ikiwa wazi hewani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ndiyo sababu ikimrukia mtu mkononi inagandisha ngozi, na ikimwingia jichoni inaweza kumpofusha.

TULIANGALIA NINI

Baada ya kikao, dereva, mama mtunza hazina, vijana wawili na mimi tulikwenda kwenye gari. Hatukuwa na chombo chochote cha fundi. Tulikuwa na macho, mikono na daftari.

Kwanza tulifungua boneti tukasoma. Ndiyo, tulisoma. Katika magari mengi kuna kibandiko humo kinachosema ni gesi ya namna gani. Chetu kimeandikwa R134a. Kijana mmoja alisema amefungua boneti ile mara mia na hakuwahi kukiona. Alikiona, ila zamani hakuweza kukisoma, naye akacheka mwenyewe aliposema hivyo. Kibandiko hiki ni muhimu. Magari ya zamani zaidi, ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, mengi yalitumia gesi iitwayo R12. Hizi mbili hazichanganywi, na hata oili zake ni tofauti.

Halafu tukawasha injini na kuwasha kiyoyozi. Je, upepo unatoka? Ulitoka vizuri, ila wa moto. Kama upepo ungekuwa hafifu tungeangalia kwanza feni ya ndani, au uchafu ulioziba njia ya hewa. Upepo hafifu ni ugonjwa mmoja, upepo mwingi wenye joto ni ugonjwa mwingine. Watu wengi wanaichanganya.

Tukatazama kompresa, kwa mbali kidogo, maana mkanda unaozunguka hauna huruma na khanga wala mkono wa shati. Puli ya kompresa huzunguka wakati wote injini ikiwaka. Lakini mbele ya puli kuna kisahani. Hicho kinasimama tu mpaka kiyoyozi kiwashwe. Kikishikwa na klachi yake utasikia mlio, "ta!", nacho kinaanza kuzunguka. Chetu hakikulia. Kilisimama kimya.

Hapa ndipo penye mtego. Gereji ile iliona kisahani hakizunguki ikasema kompresa imekufa. Lakini kompresa inaweza kusimama kwa sababu fyuzi imeungua. Inaweza kusimama kwa sababu waya umekatika. Na inaweza kusimama kwa sababu gesi ni kidogo mno. Kwenye bomba kuna swichi ya ulinzi, ambayo kazi yake ni kukata umeme gesi ikipungua ili kompresa isizunguke bila oili na kujiua. Maana oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Basi kompresa iliyosimama huenda si mfu. Huenda imezuiwa isife. Sisi tulitazama fyuzi, ilikuwa nzima. Waya ulikuwa umeshika.

Kwa gari ambalo kisahani kinazunguka, mtu anaweza kupima kwa mkono. Kuna bomba nene na bomba jembamba yanayoingia ukutani kuelekea dashibodi. Lile nene linapaswa kuwa baridi, mara nyingi linatoa jasho kama chupa ya soda. Lile jembamba linapaswa kuwa na uvuguvugu au joto. Kama yote mawili yana hali moja, gesi haizunguki inavyotakiwa. Ila msishike bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda mbele. Hilo linaunguza.

Sasa oili. Nimesema husafiri na gesi. Basi gesi inapotorokea, oili kidogo hutoka nayo, na vumbi hunata pale. Barabara yetu haina upungufu wa vumbi. Tukaanza kufuata mabomba taratibu, kiungo kwa kiungo. Mama mtunza hazina ndiye aliyeona. Chini ya rejeta ya mbele, pale bomba linapoungana, palikuwa na tope jeusi la mafuta, kubwa kama kifuniko cha chupa. Viungo vingine vyote vilikuwa na vumbi kavu. Tena kishikizo cha bomba hilo hakikuwapo. Bomba lilikuwa likichezacheza kila gari linapoingia shimoni.

Akaandika katika daftari, "Tope la oili, kiungo cha chini, mbele, upande wa kushoto. Kishikizo hakipo."

Hatukukifungua. Nataka mnielewe hapo. Ndani ya mabomba hayo, kiyoyozi kikifanya kazi wakati wa joto, shinikizo la upande mmoja linaweza kufika mara 6 au 7 ya upepo wa tairi la gari dogo. Kazi yetu ilikuwa kuona na kuandika. Kufungua ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

KWA FUNDI WA PILI

Tulikwenda kwa fundi mwingine, Ifakara. Mama alimpa daftari asome kabla hajagusa gari. Fundi alisoma zile tarehe mara mbili, kisha akauliza, "Nani ameandika?" Mama akasema, "Mimi." Fundi akasema kazi yake imekuwa nyepesi.

Aliunga geji zake. Gesi ilikuwa karibu hakuna. Akaingiza naitrojeni, ambayo ni hewa kavu isiyoungua, akapaka povu la sabuni kwenye vile viungo. Kwenye kiungo cha tope povu likaanza kuchemka, vipovu vidogo vidogo, kama tundu la tairi ndani ya karai la maji. Alipokifungua alitoa kipete cha mpira kilichokauka na kupasuka.

Alibadili kipete kile. Akabadili na kichupa cha kunyonya unyevu, kwa sababu mfumo ulikuwa umevuja muda mrefu na unyevu ulishaingia. Akaongeza oili kidogo. Akafunga kishikizo kipya. Kisha, na hili mliangalie mkienda kwa fundi yeyote, alivuta hewa yote kwa pampu ya umeme. Aliiacha pampu ikivuta kwa muda wa saa nzima, akaizima, akatazama kama mshale wa geji unarudi. Haukurudi, maana yake hakuna tundu jingine. Ndipo akapima gesi kwenye mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Magari mengi madogo huchukua chini ya kilo moja. Ikizidi ni mbaya, ikipungua ni mbaya. Yule wa kwanza hakutumia pampu wala mizani, alikuwa akijaza na kugusa bomba tu.

Tukawasha. "Ta!" Kisahani kikazunguka. Kompresa iliyosemwa imekufa ilikuwa hai.

Kazi yote iligharimu shilingi 140,000. Fedha ya mbegu ilibaki sandukuni, pungufu kidogo. Nasema pungufu kidogo kwa sababu sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa bure.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza juu ya maji yanayodondoka chini ya gari. Hayo si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa uliogandamana kwenye rejeta baridi ya ndani, kisha ukatoka kwa mpira mdogo. Lakini ukiona maji yanalowesha miguu ya abiria wa mbele, mpira ule umeziba. Uzibuliwe.

Dereva wa trekta aliuliza, je, kama kiyoyozi kinapoa gari likitembea na kinatoa joto likisimama? Swali zuri sana. Mara nyingi hapo gesi ipo. Tatizo ni rejeta ya mbele kukosa upepo. Labda feni ni mbovu, labda rejeta imejaa makapi ya mpunga, wadudu na vumbi. Gari likiwa limesimama, mwagia rejeta ile maji safi taratibu. Kama baridi inarudi, umepata jibu. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, maana mapezi yake ni laini, yanalala kama majani. Kwa gari la shamba afadhali kuosha hivyo kila mwisho wa mavuno.

Mzee alitaka kujua kama kiyoyozi kinakula dizeli. Kinakula kiasi, mzee wangu, kwa kuwa injini ndiyo inayozungusha kompresa. Ila wakati wa masika kiwasheni hata kama hakuna joto, kioo cha mbele kikipata ukungu. Kiyoyozi hukausha hewa, na kioo husafika upesi. Dereva asiyeona mbele ni hatari kuliko dizeli iliyoliwa.

Kijana mmoja aliuliza kama ni kweli gesi ya kupikia inaweza kutiwa humo, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Inapoza, ni kweli. Na ni hatari, ni kweli pia. Gesi ya kupikia inawaka. Ikivuja nyuma ya dashibodi mmefunga vioo, mmekaa ndani ya bomu. Mtu akiwaambia ana gesi ya bei ya chini isiyo na jina, mwulizeni aonyeshe maandishi kwenye mtungi, nanyi mlinganishe na kibandiko cha gari lenu. Mnajua kusoma.

Mwingine aliuliza kwa nini serikali zinajali gesi ikivuja, wakati hasara ni ya mwenye gari. Ile R12 ya zamani ilikutwa inaharibu tabaka la ozoni huko juu, linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mataifa yakakubaliana Montreal, Kanada, mwaka 1987, kuipunguza, na kufika mwaka 2010 hata nchi zinazoendelea zilipaswa kuwa zimeiacha. R134a haiharibu ozoni. Lakini ikitoka hewani kilo moja huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,000 za moshi wa kaboni. Kwa hiyo mwaka 2016, hapa jirani Kigali, mataifa yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo pia. Kwa hiyo mwenye tundu anapoteza fedha yake, na anatuongezea sisi wengine joto.

Kabla sijakaa. Dereva ameahidi kufungua boneti ya pikapu Jumamosi saa 10 alasiri, hapa hapa kwenye kivuli cha ghala. Tutaosha rejeta ya mbele, na kila mmoja atasoma kibandiko mwenyewe kwa sauti. Mama mtunza hazina atakuja na daftari. Mstari wa mwisho alioandika ni wa juzi, siku ya 120 tangu kutoka kwa fundi wa pili: "AC baridi. Hatujajaza." Njooni na kalamu.